Kikaango cha sentimita 28 na tambi za usiku: nimekitumia miezi mitatu, haya ndo majibu

Nianze kwa kusema kabisa, hiki kikaango sijapewa na mtu nije nikisifie. Nimekinunua kwa hela yangu Kariakoo, Jumamosi moja jua linawaka balaa, elfu thelathini na nane baada ya kuanziwa elfu hamsini na tano, na yule kaka muuzaji akaniapia "dada hii granaiti, hii haishiki kitu, hata ukipika gundi inateleza". Nikamwambia kaka yangu gundi sipiki, mi napika tambi. Akacheka akanipunguzia buku mbili nyingine, kwa hiyo ni thelathini na sita, nisiwe muongo.

Nakaa Mbezi, kazi iko Posta. Nikitoka saa kumi na moja jioni nyumbani naingia saa mbili kasoro, siku ya mvua saa tatu, na nikifungua mlango nakuta watoto wawili na mdogo wangu wamekaa wananiangalia mikono kama nimebeba kitu. Zamani siku za hivyo dawa yake ilikuwa chipsi mayai za pale kona, na sisemi ni mbaya, yule kijana anajua kazi yake, ila ukila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hela inaisha kabla ya wiki. Tambi pia nilikuwa napika, lakini ile ya kawaida, sufuria kubwa la maji unasubiri lichemke, unatumbukiza tambi, unachuja mvuke wote usoni, pembeni sufuria ya mchuzi, pembeni tena kikaango cha nyama. Saa nne usiku una vyombo vinne vya kuosha na bombani hakutoki kitu unachota kwenye ndoo. Hapo ndo nikaanza kutafuta chombo kimoja cha kupikia kila kitu humo humo.

Sasa kikaango chenyewe. Upana sentimita 28 kwa juu, kina kama sentimita 7, mfuniko wa kioo wenye katundu ka kutolea mvuke, mkono wa plastiki ngumu, ndani ni nonstiki yenye zile doti doti nyeupe wanazoziita granaiti. Hakuna jiwe humo jamani. Ni aluminiamu imepakwa nonstiki halafu ikarashiwa doti, na hilo halina ubaya ilimradi usiuziwe kwa bei ya jiwe. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hivi vikaango vinatoka kwenye maboksi kumi tofauti na vyote vinafanana, wewe shika vipimo.

Na kipimo kikubwa ni hiyo 28. Kuna vya 24, vya 26 na vya 28, na tofauti ya bei ya 24 na 28 ilikuwa kama elfu kumi, nikataka kuchukua kidogo. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimetoka kununua pakiti ya tambi ndefu iko kwenye mfuko, nikaitoa pale pale dukani nikailaza ndani ya kikaango watu wananishangaa. Tambi ndefu za kawaida ni kama sentimita 25 au 26. Kwenye 24 hazilali, zinakaa juu juu zimeegemea ukingo, kwenye 28 zinalala chali kama mtu kitandani. Na hii siyo mambo ya urembo, ukipika na maji kidogo tambi lazima ilale ndani ya maji tangu mwanzo, la sivyo nusu inaiva, nusu imebaki mbichi inachoma kinywa.

Ngoja nieleze maji, maana hapo ndo watu wengi wanapoharibu wakasema hii kitu haiwezekani. Tambi za kuchuja unaweka maji ya kumwaga, hupimi, hata lita tano weka tu. Za kikaango kimoja huchuji, maji yote yanabaki, yanageuka kuwa mchuzi, maana wanga wa tambi unatoka unaingia kwenye maji yanakuwa mazito na ya kung'aa yanaikamata nyanya na mafuta pamoja. Ule wanga ndo tulikuwa tunaumwaga kwenye karo miaka yote. Kwa hiyo lazima upime. Mimi sina kikombe cha vipimo, natumia chupa ya maji ya nusu lita, kila nyumba inayo. Nusu pakiti ya gramu 500, yaani gramu 250, nachukua chupa moja na nusu, maana yake mililita 750. Hiyo inatosha watu watatu wa njaa ya kawaida au mimi na watoto na mdogo wangu kama ameshakula mchana ofisini. Ukifunika muda wote maji yanabaki mengi kidogo, ukiacha wazi yanakauka haraka, mi nafunika dakika tano za mwanzo mpaka zilegee, halafu nafunua nageuza geuza kwa uma mbili mpaka mwisho. Ukiona zimeiva na maji bado yapo, ongeza moto dakika moja. Ukiona maji yameisha na tambi bado, ongeza ya moto kidogo kidogo, usimwage kikombe kizima kwa hasira kama nilivyofanya wiki ya kwanza.

Muda nimeupima kwa simu mara kadhaa. Kuanzia kuwasha gesi mpaka kupakua, tambi za nyanya tupu dakika 18, za nyama ya kusaga dakika 26 au 27. Ile ya zamani nilikuwa natumia dakika 40 na zaidi, na nusu yake ni kusubiri lile sufuria kubwa lichemke. Gesi nayo ina nafuu, mtungi wangu ni ule mdogo wa kilo sita, siwezi kuapa kwamba umeongezeka siku ngapi kwa sababu ya tambi peke yake, lakini kuchemsha mililita 750 na kuchemsha lita nne ni vitu viwili, hilo halihitaji darasa.

Wiki ya kwanza niliharibu mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua tambi za bei ya chini kabisa kwenye duka la mtaa, zile nyeupe nyeupe. Dakika ya saba zikaanza kukatika, dakika ya tisa ulikuwa uji, watoto wakala kwa kijiko. Nikaenda kusoma pakiti kwa akili. Zile nzuri zimeandikwa ni za ngano ya durumu, ngano ngumu, rangi yake inaelekea njano, zinaiva bila kuvunjika kwa sababu protini yake inaushikilia wanga usitoke wote kwa mpigo. Zile nyingine ni unga wa ngano wa kawaida. Ukizichuja unaweza kupona kwa sababu unamwaga ule uji, kwenye kikaango kimoja hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo kama utaiga, ile mia tano au buku unayookoa kwenye tambi usiiokoe hapo, okoa kwenye kitu kingine.

Mara ya pili ni chumvi. Mkono umezoea kutia chumvi ya maji ya kuchuja, ile konzi nzima, nikasahau kwamba haya maji hayaondoki. Na juu yake nikatia kile kiungo cha mchuzi cha pakiti ambacho chenyewe nusu yake ni chumvi. Tulikunywa maji usiku kucha kama tumekula ng'onda. Siku hizi kama natia kiungo cha pakiti chumvi sigusi kabisa mpaka nionje mwishoni.

Ya tatu nilitia maziwa fresh kwenye tambi za nyanya nikitaka ile rangi ya pinki ya hotelini. Yakakatika, nyanya ina ukali, ikatoka kama mtindi uliomwagika. Nililia kwa ndani, nikawaambia watoto ni jibini.

Baada ya hapo mambo yakakaa sawa na sasa nina mapishi manne ninayoyazungusha. La Jumatatu ni la uvivu mkubwa. Nyanya nne zilizokatwa ndogo, kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vyembamba, vitunguu swaumu punje nne, pilipili kidogo, mafuta vijiko viwili, tambi mbichi juu yake, maji, chumvi, vyote kwa pamoja hata kabla ya kuwasha jiko, halafu unawasha. Hamna kukaanga. Nilibisha sana, mimi nimelelewa kwamba kitunguu kisichokaangwa ni dharau kwa mgeni, lakini kinaiva kwenye ule mchuzi na harufu yake ni tofauti, laini zaidi. Hili siyo langu, lilivuma Marekani mwaka 2013 kupitia jarida la Martha Stewart, na wenyewe walisema waliliona Puglia, kule kusini mwa Italia, wao wanatumia nyanya ndogo ndogo na mrehani. Mrehani! Ule ule ambao bibi zetu wanausokotea kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini. Mama yangu mtu wa Tanga, alivyoniona nachuma mrehani nje naupeleka jikoni akauliza "mwanangu, tuna harusi?"

Na huko huko Puglia, mji wa Bari, kuna wanaozidisha, wanaweka tambi kavu moja kwa moja kwenye kikaango cha chuma chenye mafuta, swaumu na pilipili, wanamwagia mchuzi wa nyanya upawa kwa upawa na wanaziacha ziungue makusudi mpaka zitoe ukoko. Nimejaribu. Kwa nonstiki haitoki vizuri, na moto ule mkali siyo wa kikaango kama hiki, ila ule ukoko kidogo nilioupata watoto waliugombania kama ukoko wa pilau. Mtu mwenye kikaango cha chuma ajaribu atuambie.

La pili ni nyama ya kusaga. Hapa lazima ukaange, robo kilo tu inatosha, nyama iingie kwanza yenyewe bila mafuta mpaka maji yake yakauke na ianze kubadilika rangi, ndo kitunguu, swaumu na tangawizi, bizari nyembamba nusu kijiko, nyanya ya kopo kijiko kimoja, halafu tambi na maji. Ukiweka maji kabla nyama haijashika rangi unapata nyama ya kuchemsha, haina ladha, usinilaumu. Ladha yake inakaribia ile baasto, yaani tambi za Wasomali, niliwahi kuila Eastleigh siku niliyopelekwa Nairobi na kazi, wanakuletea na ndizi mbivu pembeni, unakata unakula pamoja. Wasomali tambi walizipata kwa Waitalia wakati wa ukoloni, wakazivisha viungo vyao, na ile ndizi nilidhani utani mpaka nilipoionja. Sasa hivi kwangu ndizi ni lazima, mwanangu mdogo bila ndizi hali.

La tatu ndo ninalolipenda mwenyewe, tambi za nazi za chumvi na samaki wa kopo. Siyo zile tambi za sukari na iliki za futari, zile zina heshima yake na hazipikwi kwa haraka. Hizi unafanya hivi, tui jepesi, lile la maji ya pili, ndo linakuwa maji yako ya kupikia, unapima vile vile chupa moja na nusu. Kitunguu, hoho, pilipili mbuzi nzima usiipasue, kandimu kidogo. Tambi zikikaribia kuiva ndo unatia tui zito na samaki, moto mdogo, dakika mbili, unazima. Ukilianza na tui zito linajitenga mafuta linakuwa na punje na kikaango kinaanza kushika chini. Tui la kopo nalo linafaa, lile la mwanzo unalifanya robo tui, iliyobaki maji. Hili pishi mama alilikubali bila maneno mengi, na ni mtu wa maneno. Mwanzoni alisema "mbona hujazichuja, uji huu?" nikamwambia mama haichujwi, ndo mchuzi wake. Akala kimya kidogo. Kisha akauliza zimebaki?

La nne ni makaroni na mchicha na soseji, ni chakula cha watoto tu, mchicha unautia dakika ya mwisho ili usiwe mweusi. Sina zaidi.

Haya sasa nimekula vya kutosha nirudi kwenye kikaango, maana kuna lawama.

Ile nonstiki imenisikitisha. Mwezi wa kwanza kweli yai linateleza kama lipo kwenye barafu, mwezi wa tatu katikati pameanza kushika, na mdogo wangu kapitisha kijiko cha chuma mara moja tu tayari kuna mstari. Yule kaka wa Kariakoo na gundi yake sijui yuko wapi. Kwa tambi za maji haijaniletea shida kubwa kwa sababu kimiminika kipo muda wote, lakini kwa mayai na samaki naona ndani ya mwaka kitakuwa kimekwisha. Tumia mwiko wa mbao, osha na sifongo laini, usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto kinapinda kitako. Na kitu kingine ambacho hakuna muuzaji anayekuambia, usikiweke kitupu kwenye moto mkali ukaenda kukata vitunguu. Nonstiki za aina hii zikipita kama nyuzijoto 260 zinaanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvuta, ndege wa kufugwa ndani wanaweza hata kufa kwa moshi huo. Kikaango kitupu kinafika huko kwa dakika chache tu. Kwa tambi zenye maji hufiki, maji yanachemka kwa mia moja, kwa hiyo kwa kazi hii niliyokinunulia niko salama.

Mfuniko nao, kile kishikio cha juu kilianza kulegea wiki ya sita, skrubu inazunguka bila kukaza. Siku moja nimekishika nikabaki na kishikio mkononi mfuniko umedondokea kwenye tambi, bahati haukupasuka. Nimefunga kwa kipande cha kizibo na waya, kinafanya kazi na sura yake ni ya kusikitisha. Kwa bei ile nilitegemea hata skrubu ya maana.

Mkaa usijaribu. Gesi iliisha katikati ya mwezi nikakiweka kwenye jiko la mkaa, kwanza moto wake huwezi kuupunguza haraka na hizi tambi mwishoni zinataka upunguze pale pale, pili mkono wa plastiki ulianza kunuka na upande mmoja umelainika una alama mpaka leo, tatu kitako kimekuwa cheusi kama kimetoka shamba. Kama nyumbani kwako jiko ni la mkaa, hela hii nunua sufuria pana la aluminiamu nzito lenye mfuniko, lile la kupikia wali, utapata tambi zile zile, utakuwa unageuza mara nyingi zaidi basi. Kusema kweli hata wenye gesi wakitaka kubana matumizi lile sufuria linatosha, upana na mfuniko ndo vinavyofanya kazi hapa, siyo hizo doti. Mimi ningejua mapema ningenunua hilo na chenji ningenunulia samaki wa kopo.

Familia kubwa pia nawaonya. Ukizidi gramu 350 za tambi kwenye kikaango hiki maji yakichemka yanapanda mpaka ukingoni, yanamwagikia jikoni, unaanza kufuta jiko usiku. Watu sita saba rudini kwenye sufuria kubwa na kuchuja kwenu.

Kwa hiyo nyota? Kikaango nakipa tatu kati ya tano, moja nimeikata kwa nonstiki, moja kwa ule mfuniko. Mtindo wa kupika tambi kwenye chombo kimoja naupa tano zote, na ule wa nazi ningeupa sita.

Mdogo wangu alivyoona mambo mazuri akaenda kununua cha kwake kwa ajili ya geto alilohamia, na pamoja na maneno yangu yote akachukua cha 24 kwa sababu ya ile elfu kumi. Juzi kanipigia saa mbili usiku, "dada, hivi tambi unazivunja katikati au?" Nikamuuliza ulinunua saizi gani. Kimya. Jana kaja kuazima changu, na mpaka naandika hapa hajakirudisha, tumekula chipsi.